Mtandao Uliojua Adabu

Mzee Mchome alikuwa akimtukana Mzee Sekiete kwa simu, na Nakijwa alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi lake akikaza nyaya.

Hakukusudia kusikiliza. Alikuja kutengeneza kisanduku cha Elewa, mtandao wa simu wa kijiji, ambacho panya wa mzee walikuwa wameanza kukitafuna. Lakini fundi wa Elewa akitaka kujua kama kisanduku kimepona, sharti achomeke kifaa sikioni asikie sauti inavyotoka upande wa pili. Kwa hiyo sikio lake la kulia lilimsikia Mzee Mchome mwenyewe, aliyeketi hapo juu akitikisa mguu, na la kushoto likasikia kile kilichofika ng'ambo ya bonde, nyumbani kwa Mzee Sekiete.

"We Sekiete!" alifoka Mzee Mchome. "Bado tu hujafa? Umefungua maji saa ngapi leo, mwizi wa mchana kweupe?"

Na sikio la kushoto likasikia, kwa sauti ileile ya Mzee Mchome, pamoja na mikwaruzo yake ya tumbaku: "Habari za asubuhi, ndugu yangu. Namshukuru Mungu umeamka salama. Samahani, leo umefungua maji saa ngapi?"

Nakijwa akajigonga kichwa kwenye ubao wa kochi.

"Nimefungua alfajiri," simu ya Mzee Mchome ikajibu kwa sauti ya upole ya Mzee Sekiete. "Chukua tu, kaka, mpaka shamba litosheke."

Mzee Mchome akaziba simu kwa kiganja, akainama kumtazama Nakijwa kule nyuma. "Unamsikia? Ameshalainika. Kumbe dawa ya Sekiete ni kumkaza! Miaka yote ile nilikosea kumnunia."

Hakuna mtu pale kijijini Ivuga asiyeijua miaka ile. Wazee hao wawili walikuwa rika moja, walitahiriwa msimu mmoja, wakawa watani kupita kiasi. Kisha wakagombania ndiva, yaani lile bwawa la wazee wa kale linalokusanya maji ya mlimani na kuyagawa kwenye mashamba ya tangawizi. Ndiva ilikuwa juu, kwenye ardhi ya ukoo wa Sekiete. Mfereji ulishuka kwa Mchome, na kutoka kwa Mchome ukaenda kwa nusu ya kijiji. Wazee waliponuniana, mfereji ulikauka, na nusu ya kijiji ikajifunza kumwagilia kwa ndoo. Halafu Elewa ikaja. Katika msimu mmoja wazee wakaanza kupigiana simu, maji yakashuka, na mchungaji akaitolea kampuni shukrani kanisani.

Nakijwa alikunywa shukrani hizo kama uji wa moto. Yeye ndiye aliyeuleta mtandao huo.

Alijua jinsi ulivyofanya kazi, au alidhani anajua. Tangu setilaiti za zamani zichakae na kuanza kuanguka moja moja baharini, Milima ya Upare ilikuwa imerudi kwenye ukimya wa babu zake. Mawe yalikula kila wimbi lililojaribu kupita. Elewa haikuhangaika kupitisha sauti. Kisanduku chake kilimsikiliza mwenye simu kwa wiki nzima kikajifunza sauti yake, kikohozi chake, na jinsi anavyovuta maneno. Baada ya hapo kilichukua kiini tu cha anachotaka kusema, kitu kidogo kama punje ya ulezi, kikakipenyeza kwenye mwamba na ukungu. Kisanduku cha upande wa pili kiliipokea ile punje na kuivika maneno na sauti. Chuoni yeye na wenzake waliambiwa kwamba kisanduku "husafisha" mazungumzo kidogo, huondoa kigugumizi na "yaani, yaani". Hakuna aliyewaambia kwamba husafisha na mtu mwenyewe.

Alipotoka pale alimpigia bosi wake, Bwana Kaijage wa Dodoma, ambaye alikuwa hajawahi kuonana naye ana kwa ana. Akamweleza yote.

"Nakijwa, dada yangu," sauti ya Bwana Kaijage ilikuwa laini kama samli, "nakushukuru kwa uangalifu wako. Hebu niambie. Wazee wanapatana?"

"Wanapatana, bosi."

"Maji yanashuka?"

"Yanashuka."

"Basi tuyaache yashuke."

*

Elinaja, binamu yake Nakijwa, alikuwa kwenye kilima cha Kidenge, akiunga kamba.

Elinaja alikuwa mtoto wa shangazi yake, na tangu utotoni hawakuwahi kukubaliana hata jua linachomoza wapi. Nakijwa alipoleta Elewa, Elinaja aliona haiwezekani akae bila mtandao. Akaunda wa kwake, akauita Mwangwi. Alishona kishada kikubwa cha turubai, upana wake sawa na paa la darasa, akakifungia mtambo, akakirusha juu kupita vilele vya milima. Mwangwi ulibeba sauti kama ilivyo: jogoo akiwika huku, aliwika na kule, mtu akimeza mate, uliyasikia yakishuka. Ila ukungu ukitanda, kishada kilinyonya unyevu, kikalegea, na sauti ikakatika kama uzi mbovu. Na Ivuga, kusema kweli, ni kijiji cha ukungu.

Shida kubwa ilikuwa kwamba mitandao hiyo miwili haikuvumiliana. Ikiwashwa pamoja, mawimbi yaligombana. Mwanamke mmoja alipiga simu zahanati kuuliza homa ya mtoto akajibiwa na kwaya ya vijana, sauti zote nne. Mchungaji alikuwa akimwombea mgonjwa kwa simu, na aliposema "Bwana, tusikie," mnunuzi wa tangawizi akamjibu, "Nakusikia, lete magunia." Mwenyekiti wa kijiji, Mama Mrutu, aliyekuwa mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa, akaitisha mkutano akasema: Jumamosi itafanyika mashindano uwanja wa shule. Mmoja ubaki, mwingine ushuke.

"Umekuja kunitakia heri?" aliuliza Elinaja bila kugeuka.

"Nimekuja kuona hilo shuka lako kama limekauka."

"Litakauka. Wewe mtandao wako una walakini, binamu. Juzi mama amenipigia kwa Elewa. Unajua ameniitaje? 'Mwanangu mpenzi.'"

"Kuna ubaya gani?"

"Nakijwa! Mama yangu? Shangazi yako yule? Tangu anizae ameniita 'we zuzu', na siku akifurahi sana, 'we zuzu wangu'. Nilishuka mlima mbio nikidhani amepooza. Nikamkuta anapepeta maharage. Nikamwuliza, mama umesemaje kwenye simu? Akaniambia, 'Nimesema, we zuzu, mbona huji kula?'"

Nakijwa alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Labda na yeye amezeeka," akasema.

Elinaja akageuka, akamtazama usoni. "Mtandao wako unasema uongo, na wewe unajua."

"Na wako hausemi kitu kabisa. Bora nini?"

Akashuka kilima kabla binamu yake hajajibu, maana jibu lenyewe alikuwa akilitafuta tangu siku ile ya kochi. Akisema ukweli, wazee watarudi kununiana na ndiva itafungwa. Tangawizi ndiyo kwanza imechipua, mvua bado iko mbali. Akinyamaza, kijiji kizima kitaendelea kupendana kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Njiani watu walimsalimia kwa furaha, wakamwambia Jumamosi wako naye. Kila salamu ilimwongezea mzigo.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walikuja na viti vyao, na kina mama wa kwaya wakauza maandazi. Mzee Mchome aliwekwa mezani mbele ya vipaza sauti, amevaa koti la harusi. Mzee Sekiete alipelekwa ng'ambo ya bonde, kwenye ghala la tangawizi, ili simu ziwe na sababu ya kuwapo.

Mwangwi ukaanza. Elinaja alikuwa ameshika kamba kama mtu anayemfunga ng'ombe mkali, macho juu. Ukungu ulikuwa unachungulia nyuma ya Kidenge.

"Sekiete! Unanisikia?" aliita Mzee Mchome.

"Nakusikia," vipaza vikajibu, na nyuma ya sauti hiyo mbuzi akalia kwa uchungu. "Ila kuna mbuzi hapa ana... krrr... kwenye magunia... krrr... kamwambie mwenye..."

Kimya. Wakangoja. Kilichorudi ni mbuzi peke yake, kisha naye akakatika.

Uwanja ukaangua kicheko. Mtu akapiga kelele, "Apewe mbuzi kura!" Elinaja aliinamisha kichwa, akazima mtambo.

Ikaja zamu ya Elewa. Nakijwa akawasha kisanduku.

Mzee Mchome, kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama, aliona ni siku ya kuonyesha ubingwa. Akajiweka sawa kwenye kiti. "We Sekiete, kichwa kama mbuyu uliokatwa! Kesho sitaki maji nusu nusu. Ukichelewa kufungua nakuja kukutia humo ndani ya ndiva na koti lako lile la mitumba!"

Watu wakashika vifua. Kina mama wakasema "Yesu!" Halafu sauti ya Mzee Sekiete ikajaa uwanjani, safi, bila mkwaruzo:

"Asante kwa kunikumbusha, ndugu yangu. Nitafungua mapema. Na wewe ujitunze, usijichoshe."

Watu wakavuta pumzi. Mzee mmoja akavua kofia. "Neema," akasema, "hii ni neema. Sekiete kageuka mwanakondoo." Makofi yakaanza kwa mbali, yakakua. Mama Mrutu akavua miwani, akaipangusa. Ilikuwa wazi kura inaelekea wapi.

Elinaja akasimama. "Mwenyekiti, naomba kuuliza. Tumesikia alichosema Mzee Mchome. Je, Mzee Sekiete kule amesikia nini?"

Makofi yakafifia. Mama Mrutu akarudisha miwani usoni na kuielekeza kwa Nakijwa. "Jibu, binti. Kisanduku chako kinaweza kumtia mtu maneno asiyoyasema?"

Nakijwa aliwatazama wale watu. Alimwona mama mmoja mwenye shamba la chini kabisa, mwisho wa mfereji, amepakata gunia lake tupu. Neno moja dogo, "hapana", lingetosha. Ulimi ulikuwa tayari umejipanga kulisema.

"Kinaweza," akasema. "Kinafanya hivyo kila siku. Elinaja, washa mtandao wako. Haya na Mzee Sekiete ayasikie, na ayasikie kwa mdomo wangu."

Kwa bahati ukungu ulifunguka kidogo, kishada kikapanda. Nakijwa akashika kipaza cha Mwangwi, akaeleza yote bila kupamba: kwamba Mzee Mchome hajawahi kusema samahani, na pengine Mzee Sekiete naye hajawahi kumwita mtu kaka, kwamba wote wawili wamekuwa wakiongea na masanduku. Alipomaliza, turubai lilisikika likipepea kule juu.

"Krrr... Nakijwa, mwanangu," sauti ya Mzee Sekiete ikaja, na sasa ilikuwa nzee, yenye pumzi nyingi. "Mke wangu alipolazwa. Mchome alinipigia. Aliniambia, 'Pole sana, ndugu yangu, Mungu amponye.' Na hilo nalo?"

Mzee Mchome alinyanyuka kitini. "Hilo nililisema! Sekiete, hilo nililisema! Mwulize mtoto huyu, kisanduku si chake?" Na akamgeukia Nakijwa, na macho ya mzee yule yalikuwa yakimwomba.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Kusema kuhusu maji kulihitaji ujasiri tu. Lakini kumnyang'anya mtu neno alilofarijiwa nalo kando ya kitanda cha mkewe, hilo ni jambo jingine. Nakijwa alimeza mate, na Mwangwi ukayapeleka mate hayo hadi ng'ambo.

"Baba, mimi siku hiyo sikuwapo," akasema taratibu. "Lakini nakijua kisanduku. 'Pole sana, Mungu amponye' kinayo tayari, hukitoa kila kinaposikia habari ya ugonjwa."

Mzee Mchome akakaa.

"Basi alisema ni..." Ukungu ukafunika Kidenge, na Mzee Sekiete akakatika.

Zogo likaanza. Wengine walimlaani Nakijwa, wengine Elinaja. Yule mama wa shamba la chini akapaza sauti: "Uongo unaoleta maji na ukweli unaokausha shamba, mimi nichague upi? Mnijibu wenye mitandao!" Mama Mrutu aligonga meza, akaahirisha kura, akagonga tena. Ng'ambo ya bonde hapakuonekana kitu isipokuwa weupe. Watu walikubaliana kwamba kwa wakati huo Mzee Sekiete atakuwa anapanda kwenda kuifunga ndiva.

Walikula maandazi yote kwa wasiwasi. Kisha kutoka ndani ya ukungu, upande wa bondeni, ikasikika fimbo ikigonga mawe. Mzee Sekiete akatokea, suruali imelowa hadi magotini, matope hadi kwenye ndevu. Mkewe alikuwa nyuma yake, amejifunga kanga kiunoni, anapumua vizuri kuliko yeye. Watu wakawapisha.

Mzee Sekiete alisimama mbele ya meza, akaegemea fimbo yake. "Ulisema nini?"

Mzee Mchome alitazama viatu vyake. "Mambo ya zamani hayo."

"Mchome. Nimevuka bonde na magoti haya. Ulisema nini?"

"Nilisema..." Akakohoa. "Nilisema mwambie mkeo asithubutu kufa kabla hajarudisha sufuria letu. Na nikasema wewe ukibaki peke yako utakufa njaa, maana hata makande kuyageuza hujui, na mimi sina nafasi ya kuja kukulisha kila siku."

Mabega ya Mzee Sekiete yakaanza kutikisika. Nakijwa alidhani mzee analia, akapiga hatua kwenda kumshika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, akashika meza, akacheka na meza.

"Huyo ndiye Mchome!" alisema alipopata pumzi. "Huyo! Jamani, mimi nilidhani anakufa! Mtu huyu ananiambia 'samahani', ananiambia 'namshukuru Mungu umeamka'. Nikamwambia mke wangu, Mchome ameonywa na daktari, anatengeneza mambo yake. Ndiyo maana nikampa maji. Mtu anayeaga dunia utamnyima maji?"

"Nani anaaga dunia?" Mzee Mchome aliruka juu. "Mimi nilijua nimekushinda!"

"Umenishinda wapi, na kilema chako cha mguu?"

"Na sufuria ni langu!" akadakia mke wa Sekiete. "Nililinunua mwenyewe sokoni Same, mkeo ndiye aliyeliazima kwanza!"

"Basi kama mzima," Mzee Sekiete akaketi juu ya meza ya mkutano, "maji yangu narudisha. Tuanze upya. Jumapili ni yangu."

"Jumapili? Jumapili hata Mungu anapumzika, maji yako yana haraka gani?"

Waligombana mchana kutwa. Watu walipeleka viti karibu. Mara mbili Mzee Sekiete aliondoka, na mara mbili akarudi kwa sababu amekumbuka tusi jingine. Mama Mrutu alikaa katikati, akawa anasema tu "endelea". Mwishowe Mzee Mchome alipoteza maji ya Jumapili, akaambulia ya Jumatano na nusu ya Alhamisi. Yalikuwa pungufu kuliko aliyopewa alipodhaniwa maiti. Yule mama wa shamba la chini alihesabu siku zake kwa vidole, akakunja uso, kisha akasema zinatosha, mradi safari hii zimesemwa na mwenye maji mwenyewe.

Kura ikapigwa, na Mwangwi ukapita. Haikuwa kwa kishindo. Wakwe wa kike, wale ambao mama mkwe zao wanaishi ng'ambo, walinyoosha mikono yote miwili kwa Elewa.

*

Jumapili jioni Bwana Kaijage alipiga. Nakijwa alikuwa bado hajakizima kisanduku cha nyumbani kwake, na alihofia kinachokuja. Akakaa chini.

"Dada yangu Nakijwa," sauti ya samli ikasema, "nimepata habari zako. Kampuni inathamini sana uwazi wako. Tungependa upate nafasi ya kupumzika na kutazama mambo mapya. Ubarikiwe sana."

"Asante, bosi. Nipumzike mpaka lini?"

"Mpaka moyo wako utakaporidhika."

Jumatatu akaenda kazini. Hakuwa na hakika. Alipekua maneno yale usiku kucha kama mtu anayetafuta sindano kwenye maharage, asijue kama amepewa likizo, amepandishwa cheo, au vipi. Jumanne akaenda tena. Jumatano, alipokuta funguo zake hazifungui tena ofisi, akapanda Kidenge.

Elinaja alikuwa akikausha turubai. Asubuhi hiyo hapakuwa na ukungu. "Umekuja kunitukana?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba simu. Nataka Dodoma, simu ya mezani ya Bwana Kaijage. Ile isiyo na kisanduku."

Elinaja akarusha kishada, akazungusha mtambo, akampa kipaza. Simu ikaita kwa mbali sana, kupitia upepo na sauti za ndege.

"Nani?" Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mafua, ya mtu aliyekatishwa chakula.

"Shikamoo, bosi. Ni Nakijwa wa Ivuga. Samahani, naomba kuuliza tu. Umenifukuza kazi?"

"Ndiyo nimekufukuza!" ilifoka ile sauti. "Tangu Jumapili nimekufukuza! Umetuharibia mkoa mzima, mjinga wewe, sitaki hata kukuona, na hicho kisanduku ukirudishe! Alaa!" Akapiga chafya, na kila tone la chafya hiyo lilifika Ivuga. Simu ikawekwa kwa kishindo.

Nakijwa alishusha kipaza. Akajikuta ameketi kwenye nyasi, anavuta hewa kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

"Amesemaje?" aliuliza Elinaja, uso wake una wasiwasi wa kweli.

"Amenifukuza."

Elinaja akaangalia kamba, akaangalia kishada kilichosimama wima angani, kisha akajikaza asitabasamu, akashindwa.

"Umemsikia vizuri lakini?"

"Vizuri sana, binamu," akasema Nakijwa. "Neno kwa neno."